Kukata Vigae kwa Mashine ya Umeme Bila Kuumia



Hapa Munanila, mkulima akiuza kahawa yake vizuri hufikiria kuezeka bati. Akiwa na umeme na akiba kidogo, hufikiria pia kuweka vigae sakafuni na chooni. Mafundi huviita tailizi. Hili ni jambo jema. Sakafu ya vigae huoshwa kwa urahisi, na funza hawapati vumbi la kuzaliana. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajifunza kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Choo cha vigae kinaendeleza kazi ile.

Lakini kigae hukatwa kwa mashine. Mashine hiyo ni ndogo, ni ya umeme, na hushikwa kwa mikono. Wengi huiita grinda. Isipotumiwa vizuri, kazi ya kuleta afya huleta kilema.

Mwaka uliopita kijana mmoja aliletwa zahanati, mkono umefungwa kitenge. Hakuwa fundi, alikuwa msaidizi. Kazi yake ilikuwa kushika kigae kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kumwagia maji ya chupa, fundi akikata. Diski ikaruka. Vidole viwili vikakatwa hadi kwenye mfupa. Nyumbani walimpaka unga wa kahawa ili damu ikauke. Tulichukua muda mrefu kuosha kahawa kuliko kushona. Kidonda kilipona, lakini kidole kimoja hakikunji tena. Na huo ndio mkono wake wa jembe.

Katika habari hii yamo makosa matatu: mkono kushika kigae, maji kumwagwa kwenye mashine ya umeme, na kahawa kuwekwa kwenye kidonda. Hatari ya nne haikuonekana siku ile. Hiyo ni vumbi. Tuzitazame moja moja.

1. DISKI

Diski ya grinda ndogo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika moja. Ikibanwa ndani ya kigae, mashine yote huruka ghafla. Hakuna mtu mwenye mkono mwepesi wa kuikwepa. Kwa hiyo:

- Tumia diski ya kukatia vigae, yaani diski ya almasi. Usitumie diski yenye meno ya kukatia mbao.
- Soma namba ya mwendo iliyoandikwa kwenye diski. Isiwe ndogo kuliko namba ya mashine. Diski yenye ufa itupwe.
- Usiondoe bati la kinga linalofunika diski. Liligeuzwe likukinge wewe.
- Weka kigae juu ya meza au ubao imara, ukibane kwa vibano. Kisishikwe kwa mkono, wala kisikanyagwe kwa mguu.
- Shika mashine kwa mikono miwili. Simama pembeni, usisimame katika mstari mmoja na diski.
- Kata polepole, usikandamize.
- Ukimaliza, zima na usubiri diski isimame kabisa ndipo uweke mashine chini.
- Ukitaka kubadili diski, chomoa waya kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Vaa miwani ya kinga inayofunika macho pande zote, viziba masikio na viatu vigumu. Ndala si viatu vya kazi hii. Shati lenye mikono mipana, kanga na mtandio hunaswa na diski. Watoto hupenda kutazama cheche na kusikia mlio. Waondoe kabla hujawasha.

2. UMEME NA MAJI

Maji hupunguza vumbi. Hilo ni kweli. Lakini maji na umeme ni maadui. Grinda ya kawaida haikutengenezwa kumwagiwa maji. Yakiingia ndani, umeme unaweza kupita kwenye mashine, ukaingia mkononi na kuua. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Huo unatosha kuua mtu, hasa akiwa amesimama mahali penye maji.

Zipo mashine zilizotengenezwa mahsusi kwa kukata na maji. Hizo huwa na bomba lake dogo la maji. Zitumike pamoja na swichi ya usalama inayokata umeme yenyewe unapovuja. Kama huna mashine ya namna hiyo, usimwage maji. Kata kukavu, nje ya nyumba, na ujikinge na vumbi.

Kagua waya kila asubuhi. Waya uliochubuka usitumike. Wapo watu wanaochomeka nyaya tupu kwenye soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Huko ni kucheza na kifo. Tumia plagi nzima.

3. VUMBI

Diski huumiza kwa dakika moja. Vumbi huumiza kwa miaka. Ndani ya vigae, saruji na mawe mengi mna kitu kiitwacho silika. Kigae kikikatwa, silika hutoka ikiwa vumbi laini sana, jingine halionekani kwa macho. Likivutwa hufika ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Mapafu hufanya makovu na kuwa magumu. Ugonjwa huu huitwa silikosi. Mgonjwa hukohoa na kuishiwa pumzi, hata kupanda mlima mdogo humshinda. Dawa ya kuuponya haipo. Zaidi ya hayo, huufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu. Vumbi hili pia huweza kuleta saratani ya mapafu.

Ugonjwa huu umewapata wachimbaji wa tanzanite kule Mererani, mkoani Manyara. Fundi wa vigae hachimbi madini, lakini vumbi lake lina silika ileile.

Fanya hivi:

- Kwa mistari iliyonyooka, tumia kikatio cha mkono kisicho na umeme. Hicho huchora mstari juu ya kigae, kisha hukivunja. Vumbi lake ni dogo sana. Grinda ibaki kwa kona na matundu tu.
- Kata nje, mahali upepo unapopeleka vumbi mbali na wewe, na nyumba, na watu.
- Vaa barakoa ya vumbi laini, ile yenye alama N95 au FFP2, ibane vizuri usoni. Kitambaa hakitoshi. Barakoa nyepesi ya hospitali haitoshi.
- Usifagie vumbi kavu. Chomoa mashine, iweke mbali, lowesha vumbi, ndipo ufagie.
- Nawa na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda zahanati. Mweleze mhudumu kwamba unakata vigae. Kupima na kutibu kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure.

4. MTU AKIUMIA

Akikatwa: zima mashine. Bana kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10 bila kufunua. Inua mkono juu. Usiweke kahawa, majivu, udongo wala mafuta ya taa. Mpeleke kituo cha afya upesi, ashonwe na apewe chanjo ya pepopunda.

Kidole kikikatika kabisa: kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, ukitie katika mfuko wa plastiki, kiende pamoja na mgonjwa hospitali.

Kipande kikiingia jichoni: usisugue. Kama ni vumbi, osha kwa maji mengi safi. Kama kimechoma jicho, usikitoe. Funika kwa kikombe safi bila kukandamiza, mpeleke hospitali.

Akipigwa na umeme: usimshike. Zima swichi kuu kwanza.

NDUGU FUNDI, NDUGU MWENYE NYUMBA

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga. Fundi ukimchukua kijana akusaidie, wewe ndiye mwajiri wake. Miwani yako isiwe moja, iwe miwili. Nawe mwenye nyumba, mnapopatana bei, uliza vifaa vipo wapi. Kigae kikivunjika kitanunuliwa kingine. Kidole hakiuzwi dukani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA DARASA

1. Kwa nini ni hatari kumwagia maji grinda ya kawaida?
2. Ni kazi gani inaweza kufanywa kwa kikatio cha mkono badala ya grinda?
3. Katika kijijini kwetu, watu huweka nini kwenye kidonda? Kifanyike nini badala yake?
4. Nani anapaswa kumpa msaidizi wa fundi miwani na barakoa?

Kinga ni bora kuliko tiba.