Kutembea Miji ya Wabajuni: Uanzie Wapi, Uende na Nani

Wabajuni wana pwani moja iliyokatwa na mpaka. Upande wa Somalia visiwa vyao vimejipanga sambamba na bara kuanzia Kismayu kushuka hadi karibu na Ras Kiamboni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo. Upande wa Kenya kuna Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu, Kiunga na vijiji vya jirani. Anayetaka kuijua miji hii kwa miguu, akiongozwa na mwenyeji, kwa sasa itambidi aanzie kusini.

Sababu ni usalama. Al-Shabaab waliishika Kismayu mwaka 2008, wakakaa hadi majeshi ya Kenya na washirika wao wa Kisomali walipoingia mwishoni mwa Septemba 2012. Hata baada ya hapo hoteli za mji zimeshambuliwa, mwaka 2019 na tena 2022, na serikali nyingi zinawaonya raia wao wasikanyage huko. Mtu akikuambia ana boti na atakuvusha Chula asubuhi akurudishe jioni, usimpe hata senti. Upande wa Kenya nao, bara ya kaskazini mwa Lamu kuelekea msitu wa Boni na Kiunga si mahali pa kuzurura. Kisiwa cha Pate, palipo Faza na Kizingitini, ni habari nyingine, ila uliza hali ilivyo kabla ya kuondoka Lamu.

Lamu ndipo pa kutafutia mtu wa kukuongoza. Waongoza watalii utawakuta gatini na mbele ya ngome, na wengine watakufuata kabla hujatua mzigo. Mwambie akuonyeshe leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, kisha umuulize swali moja: kwenu ni wapi? Kijana wa Lamu mjini atakutembeza vizuri sana kwenye mitaa ya mawe ya kwao, lakini ukifika Faza atakuwa mgeni kama wewe. Unamtaka mwenye shangazi Faza au mjomba Kizingitini. Bei mkubaliane mapema, na mseme wazi kama nauli, chakula na malazi yake vimo ndani.

Safari ya kutoka Lamu hadi Faza ni ya boti ya abiria na saa yake inapangwa na maji. Mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakipwa huwa haupitiki, kwa hiyo ratiba ya jana haikuhusu leo. Kusi likivuma bahari huchafuka. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, safari ni nyepesi zaidi. Dai jaketi la kuokolea maisha na ulivae, hata kama abiria wote wamelikalia.

Faza yenyewe, mtu akipita peke yake, ataona mabati, punda na mchanga, aseme hamna kitu. Moto wa mwaka 2009 uliteketeza mamia ya nyumba, na mengi unayoyaona yamejengwa baada yake. Hapo ndipo mwenyeji anapostahili malipo yake. Atakufikisha kwenye kaburi la Amir Hamad, jemadari wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar; jemadari huyo aliuawa mwaka 1844 katika vita na watu wa Siyu, mji jirani kisiwani humo. Atakupitisha kwenye magofu ya msikiti wa Kunjanja. Atakueleza jinsi Wareno walivyouangamiza mji huu mwaka 1587 kwa sababu watu wake walikuwa wamemuunga mkono Mturuki Ali Bey. Mambo hayo hutayakuta yameandikwa kwenye vibao.

Ufukweni muulize habari za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, kikisukumwa na tanga la mkeka. Wabajuni ndio waliokuwa mafundi wake mashuhuri. Muulize pia juu ya chazo, samaki mwenye kishikizo kichwani. Wavuvi walikuwa wakimfunga uzi mkiani akiwa hai na kumwachia karibu na kasa. Chazo akishanata gambani, kasa alivutwa polepole hadi kwenye chombo. Mwitaliano Vinigi Grottanelli alizieleza kazi za wavuvi wa Kibajuni katika kitabu chake cha mwaka 1955. Leo kasa analindwa na sheria ya Kenya, kwa hiyo uliza kama historia tu; ukiuliza unapouzwa mnofu utamtia mwenyeji wako taabuni.

Visiwa vya kaskazini navyo utavisikia hapahapa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipita pwani ile mwishoni mwa miaka ya 1960, akakuta magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo. Vita vya 1991 vilipozuka, Wabajuni wengi walikimbia na vyombo vyao hadi Kenya, na wengine walikaa miaka katika kambi ya Jomvu, Mombasa. Kwa hiyo mzee unayemkuta barazani huenda akakupangia mitaa ya Chula, visima na misikiti yake, pasi na kuinuka.

Hapo kuwa na adabu na maswali yako. Wabajuni waliokwenda kuomba hifadhi Uingereza walihojiwa sana: taja visiwa kwa mpangilio, sema Kibajuni tusikie. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la huko lilitoa hata uamuzi wa mwongozo kuhusu uwezo wa mtu kusema Kibajuni. Mgeni anayeketi na kufungua daftari, akaanza kuuliza majina ya visima, anaweza kuwakumbusha watu afisa aliyemnyima ndugu yao karatasi. Weka daftari mfukoni. Kunywa kahawa kwanza, mwache mzee achague pa kuanzia.

Mengine ni ya kawaida ya pwani. Anza kwa salamu na kupiga hodi. Mwanamume aache kaptula, mwanamke achukue leso ya kujitanda. Usipige picha wanawake, na picha za wengine uombe ruhusa. Ndani ya msikiti huingii hadi ukaribishwe, na makaburi hayakaliwi. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana. Ukitaka kumshukuru mzee aliyekupa saa zake, muulize mwongozaji wako kinachofaa, kwa kuwa pesa mkononi mbele za watu huweza kumvunjia heshima.

Panga kulala angalau usiku mmoja, maana kwenda na kurudi siku moja kutakuachia muda wa kuona gati tu. Na mwambie mwenyeji wako amtafute nahodha jioni ileile, akuwekee nafasi. Maji yakishajaa boti inang'oa nanga, na nahodha hamsubiri mtu anayemalizia chai.