Mfuko umekauka, mweka hazina ndiye anayelaumiwa

"Sisi ni akina mama wa sokoni, Manika, hapa Kolwezi. Kila mwezi kila mmoja wetu hutoa franka 5,000 za matibabu. Kliniki moja hututibu, kisha hutuletea hesabu. Hata nusu mwaka haukutimia, sanduku likawa tupu. Sasa wenzangu wananong'ona kwamba nimekula. Nijiuzulu?" – Mweka hazina

Mama,

Usijiuzulu kabla hujawasomea hesabu. Itisha kikao, uchukue karatasi moja ya kliniki, uisome mstari kwa mstari: kumwona daktari, kipimo cha malaria, kipimo cha homa ya matumbo, seramu (dripu) mbili, sindano, vitamini. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge. Seramu ni ya aliyezidiwa au asiyeweza kumeza. Lakini kliniki hulipwa kwa kila inachoandika, na mgonjwa hatoi kitu. Nani atakataa? Huenda pesa zenu zilipitia hapo.

Wazee wetu waliotibiwa na kampuni ya migodi ya Gécamines hawakusumbuliwa na karatasi hizi. Kampuni ilibeba mzigo, hadi ilipoporomoka miaka ya 1990. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake, ila muuza samaki na mchimbaji wa mkono hawana mwajiri. Mlinzi wa mfuko wenu ni ninyi.

Kwanza, pataneni na kliniki bei moja kwa kila ugonjwa, dawa zikiwemo, na iandikwe. Hapo seramu ya ziada itakuwa hasara yao. Ila kliniki inayolipwa bei moja inaweza kubana dawa, kwa hiyo watembeleeni wagonjwa muwaulize walipewa nini.

Pili, mgonjwa naye achangie kidogo kila anapotibiwa, na aanzie kituo cha afya kabla ya hospitali. Mwanachama mpya angoje miezi mitatu, asije akajiunga siku anayougua.

Tatu, wachagueni watatu wakague hesabu kila mwezi, na muuguzi asiyefanya kazi kliniki hiyo awasaidie kuzisoma. Tena, tangu Februari 2017 nchi ina sheria ya mutuelle, yaani vikundi vya kusaidiana kama chenu. Ulizeni namna ya kujiandikisha, ili kikundi kitambulike.

Wakishasikia yote, wakimtaka mwingine, mkabidhi daftari, sanduku na karatasi zote mbele ya kikao, naye atie sahihi.