SOMO: JE, HAKI YA MUTOTO INAANZIA KWENYE MULANGO WA MASOMO?



Watoto wawili wenye miaka sita wanaandikwa siku moja, wanaikaa kwenye kiti kimoja. Wengi watasema: haki imefanyika. Tuchunguze kama ni kweli.

1. Mulango ulifunguliwa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wazazi wa inchi yetu walibeba mushahara wa walimu mabegani mwao. Mutoto aliyekosa feza alirudishwa nyumbani. Katiba ya mwaka 2006, kifungu 43, ilisema masomo ya musingi ya serikali ni ya lazima na ya bure, lakini ahadi ilingoja mpaka mwaka 2019. Watoto wengi waliingia, kalasi zikajaa. Tusizarau jambo hilo.

2. Lakini wale wawili hawakutoka pahali pamoja. Mumoja alikula vizuri, tena wazazi walimulipia masomo ya watoto wadogo. Wa pili alikua na njaa. Uchunguzi wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba katika inchi yetu watoto 43 kwa 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao. Njaa ya siku za kwanza inagusa akili pia, na chakula cha baadaye hakirudishi yote.

3. Mutu atauliza: basi, tumukataze tajiri kumufundisha mutoto wake? Hapana. Huyo hakuiba kitu. Haki haiombi tukate muti murefu. Inaomba tumwangie maji ule uliopandwa penye mawe. Hatuwezi kulinganisha nyumba zote. Lakini hakuna mutoto aliyechagua nyumba ya kuzaliwa. Kizuizi ambacho sisi wakubwa tunaweza kukiondoa, tukikiacha, kinakuwa kosa letu.

4. Tuanzie kwetu. Kuandikisha mutoto kwa serikali ndani ya siku 90 ni bure. Mama mwenye mimba apewe chakula kwanza. Na nyumba ambamo binti anabeba mudogo wake mugongoni wakati kaka yake anashika kalamu, inalaumu serikali bure: yenyewe imekwisha kugawanya watoto.

Maulizo ya kikundi:
a) Kwako, nani anabaki nyumbani siku ya masomo? Sababu gani?
b) Katika mutaa wetu, mutoto gani hajaandikwa? Nani ataenda pamoja na wazazi wake juma hili?