Maktaba moja ya michoro kwa kompyuta zote za karakana

Kazi zinazoingia kwenye karakana yetu ya infografia hapa Bukavu zinafanana sana: kadi za harusi, picha za marehemu zenye fremu, banderoli za kanisa, mabango ya 8 Machi na ya 30 Juni, programu za sherehe za wanaomaliza vyuo vya ISP au UCB. Fremu, maua, nembo, bendera, rangi na fonti ni zile zile mwaka hadi mwaka. Kinachotofautiana ni vyombo. Mmoja wetu amezoea CorelDRAW, mwingine Illustrator, kompyuta ya zamani ina Inkscape 0.92 tu, na mwenye mashine ya kuchapa turubai upande wa Nyawera hapokei kitu ila PDF.

Kwa hiyo maktaba yetu nimeijenga juu ya kanuni moja: kila kinachoingia humo lazima kifunguke kwenye kompyuta iliyo dhaifu kuliko zote. Kisipofunguka hapo, kinabaki kwenye folda ya kazi ya aliyekichora.

Kanuni hiyo inaamua aina za faili. CDR, faili ya CorelDRAW, ni nzuri ukiwa peke yako, lakini CorelDRAW ya zamani haifungui faili iliyohifadhiwa na toleo jipya, na nje ya Corel mambo huwa magumu zaidi. Nakala kuu ya kila mchoro wa vekta naiweka kwa SVG, kiwango kilichotolewa na W3C mwaka 2001, ambacho hakimilikiwi na kampuni yoyote. Pembeni yake naweka PDF ya mchapaji na PNG kubwa isiyo na mandharinyuma kwa anayefanya kazi kwenye simu au Word. Faili ya CDR au AI (ya Illustrator) naitunza pia, lakini nikibadilisha kitu, nabadilisha SVG kwanza, kisha natoa nyingine upya.

SVG ina tatizo moja ambalo limewapotezea watu wengi turubai nzima: vipimo. Illustrator huhesabu pikseli 72 kwa inchi. Inkscape ilikuwa inahesabu 90, na tangu toleo la 0.92, la mwaka 2017, inahesabu 96. Ndiyo maana mchoro wenye upana wa sentimita 10 ukitoka Illustrator unaweza kuonekana una sentimita 7.5 ndani ya Inkscape. Kwenye kioo hutaona kosa lolote, kwa sababu uwiano haujaguswa. Dawa yake ni rahisi: katika kila faili ya maktaba weka mraba wa milimita 100 kwenye safu yake peke yake. Ukiingiza mchoro kwenye programu nyingine, pima mraba kabla ya kitu kingine chochote. Ukisoma 75, vuta vyote pamoja mpaka usome 100, kisha ufute mraba. Kazi ya kupima ni ndogo mno ukilinganisha na kuchapa banderoli mara mbili.

Fonti nazo zina folda yao, na humo naweka zile tu ninazoruhusiwa kugawa. Leseni ya wazi ya SIL inaruhusu fonti kunakiliwa kwenye kompyuta nyingi na kuingizwa ndani ya PDF. Familia ya Noto na Charis SIL ziko chini ya leseni hiyo. Kabla ya kukubali fonti yoyote ya mapambo, ninaandika nayo mstari huu: Église, Noël, Sœur Françoise. Fonti nyingi za bure zenye mikunjo mizuri hazina œ wala ç, na katika mji wenye masista wengi kama huu, utagundua upungufu huo mbele ya mteja. Nembo iliyokamilika inakaa kwa namna mbili: moja yenye maandishi yanayoharirika, nyingine ambayo herufi zimegeuzwa kuwa mistari ili isitegemee fonti kabisa.

Kwa rangi, natumia paleti ya GPL. Ni faili ya maandishi matupu, kila mstari una namba tatu za RGB na jina la rangi, na inasomwa na GIMP, Inkscape, Krita na Scribus. Kwa wanaotumia Adobe au Corel, nina ukurasa wa PDF wenye miraba ya rangi na namba za CMYK chini yake, zile ambazo mchapaji mwenyewe alizithibitisha kwenye karatasi yake. Samawati ya bendera ya nchi, iliyopitishwa 2006, ndiyo inayoharibika haraka kwenye turubai, kwa hiyo usiikadirie kwa macho.

Majina ya faili: hakuna nafasi, hakuna herufi zenye alama, tarehe ianze na mwaka. Basi.

Sasa kugawana. Flashi inayotembea kutoka mkono hadi mkono huleta virusi, vile vinavyogeuza folda kuwa njia za mkato, na baada ya wiki moja kila kompyuta ina toleo lake la nembo. Sisi tunatumia Syncthing, programu ya bure inayolinganisha folda kati ya kompyuta kupitia ruta ya ndani, bila kununua megabaiti. Kompyuta moja imewekwa kuwa ya kutuma tu, nyingine zote ni za kupokea tu. Anayetaka kuongeza kitu anakiweka kwenye folda tofauti ya "mapokezi", na mwenye jukumu la maktaba anakipima ndipo anakiingiza. SNEL ikikata umeme katikati ya kazi, ulinganishaji unaendelea kompyuta zikiwaka tena. Washa pia utunzaji wa matoleo ya zamani, kwa sababu bila huo, faili ikifutwa kwenye kompyuta inayotuma itafutika kote.

Kuna vitu nisivyoruhusu viingie hata kidogo: kashe na sahihi za watu. Mkuu wa shule akituletea hati yenye kashe ili tuipange, kashe ile inarudi naye. Mchoro safi wa kashe kwenye kompyuta tano ni mlango wa diploma za uongo, na karakana inayothamini jina lake haiuachi wazi.

Nembo ya mteja naidai kwake mapema. "Papa, logo iko mu WhatsApp," wananiambia, na picha yenyewe imebanwa mpaka kingo zimechafuka. Namwomba aitume tena kama hati, siyo kama picha. Asipokuwa na faili bora, naichora upya kwa vekta na kuiweka kwenye bei.

Kazi ikiisha, namkabidhi mteja folda yake yote: SVG, PDF, PNG na namba za rangi. Wapo wenzangu wanaoficha faili ili mteja alazimike kurudi. Mimi nazitoa, hasa tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na maduka kuporwa. Parokia yenye nembo yake kwenye kompyuta ya sekretarieti, na shule iliyo na yake Bagira, zinatunza sehemu ya maktaba yetu mahali ambapo diski zetu hazipo. Nakala nzima iko kwenye diski ya nje nyumbani kwa mmoja wetu, mbali na karakana, na kila mwisho wa mwezi inaunganishwa kwenye ile kompyuta ya zamani yenye Inkscape 0.92, tunafungua faili chache bila kuchagua, na kupima miraba.