SOMO LA IJUMAA: JE, IKO DUNIA NYINGINE YA KUKAA?



Vijana wetu wanauliza: wataalamu wanatafuta sayari za kukaa watu mbali na jua letu, je, wamezipata? Sikilizeni.

Kwanza: Mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitambua sayari inayozunguka 51 Pegasi, nyota ya mfano wa jua. Leo sayari za namna hiyo zinazojulikana zimepita 6,000.

Pili: Nyingi hazikuonekana kwa macho. Mdudu akipita mbele ya taa, mwanga hupungua kidogo. Vivyo hivyo sayari ikipita mbele ya nyota yake. Mwanga ukipungua tena na tena kwa muda uleule, hapo hushuku kuna sayari, kisha huhakikisha.

Tatu: Kukalika kuna kipimo. Sayari ikikaribia mno nyota yake, maji hukauka. Ikiwa mbali mno, huganda. Nyota TRAPPIST-1 ina sayari 7, na baadhi ziko katikati hapo. Lakini mpaka leo hakuna hata moja iliyothibitika kuwa na uhai.

Nne: Nyota ya karibu kabisa baada ya jua, Proxima Centauri, ina sayari. Chombo Voyager 1 huenda kilomita 17 kila sekunde, nacho kingehitaji miaka zaidi ya 70,000 kumaliza umbali huo.

Basi ndugu yangu, usiseme: tukiharibu hapa, watoto watahamia kule. Mto unaoutupia takataka ndio huohuo unaotawadhia. Tutunze amana tuliyopewa.

Wabillahi tawfiq.