Kabla Hujamchukua Mbwa Wako wa Kwanza

Wanachuo wenzangu, kwetu Madibira, wilayani Mbarali, mbwa ni mlinzi wa nyumba na shamba. Siku hizi vijana wanatamani boksa, wamemwona kwenye simu. Sikatai, ila jiulize mambo matatu.

Kwanza, joto. Boksa asili yake Ujerumani, pua yake fupi, hivyo anapata shida kujipoza. Jua la mchana bonde la Usangu linaweza kumuua. Anataka kivuli na maji muda wote.

Pili, chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mtoto wa mbwa achanjwe akifikisha miezi 3, kisha arudiwe kila mwaka. Mbwa akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu wahi hospitali ukachanjwe, hata kama ni mkwaruzo tu.

Tatu, muda. Boksa huishi miaka kama 10, chuo ni mitatu. Ukihitimu, nani atamlisha? Akiachwa azurure, watakaoumwa ni watoto wa jirani. Kama huna jibu, bado usimchukue.