Chupa za Maabara: Kipi Kihifadhiwe Wapi

Chupa ya maabara huchaguliwa kwa kuangalia kwanza kitakachotiwa ndani yake. Ukubwa na bei hufuata baadaye. Inayotegemewa zaidi ni ya kioo cha borosiliketi, alichobuni Otto Schott huko Jena, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Kikipata moto, kioo hicho hutanuka kwa takriban theluthi moja tu ya kioo cha kawaida, hivyo hakipasuki ovyo. Hata hivyo chupa ya kuhifadhia haibandikwi juu ya moto: kuta zake ni nene, na joto haliufikii upande wa ndani kwa wakati mmoja na wa nje.

Asidi ya haidrofloriki hukila kioo, kwa hiyo hukaa kwenye plastiki tu. Lakini hiyo ni nadra kuonekana shuleni. Inayosumbua zaidi ni hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda. Mmumunyo wake ukibaki kati ya shingo ya chupa na kizibo cha kioo, hukila kioo polepole, na chumvi zinazojijenga hapo hukifunga kizibo kabisa. Anayekigonga ukingoni mwa meza ili kifunguke anaweza kuivunja shingo na kurukiwa na kostiki machoni. Dawa yake ni chupa ya polietilini yenye kifuniko cha kuzungusha.

Polietilini ngumu hustahimili asidi na besi nyingi, ila klorofomu na toluini huilainisha, na iodini huipenya. Haifai pia kuingizwa kwenye otoklevu: kwenye nyuzi 121 za selisiasi hulegea na kujikunja. Polipropilini huhimili joto hilo. Chupa yoyote inayoingia humo isijazwe zaidi ya robo tatu, na kifuniko kilegezwe, kwani kikibanwa mvuke unaweza kuipasua.

Nitrati ya fedha na iodini huwekwa kwenye chupa za kahawia, maana mwanga huziharibu. Peroksidi ya haidrojeni nayo huogopa mwanga, tena hutoa oksijeni hata ikiwa imetulia rafuni. Kifuniko chake huwa na tundu dogo la kupumulia. Kikibadilishwa kwa kinachobana, chupa huvimba.

Chupa za maji ya kunywa zisitumike kabisa, hata kwa siku moja na hata zikibandikwa lebo. Mtu mwenye kiu hasomi lebo.

Lebo yenyewe iandikwe kabla ya kumimina: jina kamili la kemikali, ukali wake, hatari yake, tarehe na jina la aliyeitengeneza. Wakati wa kumimina, lebo ielekee kiganjani, ili tone linaloteremka lisiifute. Kilichobaki kwenye bika hakirudishwi chupani, kwa kuwa kinaweza kuchafua lita nzima.

Chupa kubwa ya asidi haibebwi kwa kushika shingo. Mkono mmoja huikinga chini, au huwekwa ndani ya ndoo ya plastiki. Rafuni hukaa chini ya usawa wa macho, asidi zikitengwa na besi. Iliyokwisha husuuzwa mara tatu, maji ya kwanza yakienda kwenye chombo cha taka za kemikali, na lebo ya zamani hubanduliwa kabla ya chupa kupewa kazi nyingine.